Tangi la samaki likisumbua, chunguza tandiko la chini kwanza

Nikiitwa nyumbani kwa mtu hapa Malindi kuangalia tangi la samaki, sianzi na samaki. Napiga goti, nasogeza uso karibu na kioo, natazama chini: mchanga una rangi gani, umelala kwa kina gani, na pale unapogusana na kioo una mistari au mabaka ya namna gani. Mwenye nyumba huku ananieleza habari za chakula, za dawa, na za samaki waliokufa juzi. Namsikiliza, lakini jicho liko kwenye mchanga, kwa sababu nimeona mara nyingi mno ugonjwa ukianzia hapo.

Tandiko la chini, liwe mchanga, changarawe au kokoto, wengi wetu hulichagua kama tunavyochagua pazia: rangi ipendeze, basi. Kwenye tangi la lita 40 kosa hilo hurekebishika kwa saa moja. Kwenye tangi la lita 500 umetandika kilo 70 za mchanga, na kuutoa ni kazi ya siku nzima huku samaki wakisubiri ndooni. Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa dalili, vile watu wanavyoniletea: unachokiona au kukinusa, kisha sababu, kisha la kufanya. Anayenunua tangi sasa hivi naye anaweza kuusoma kabla hajabeba gunia la kwanza.

Uwe na vitu vinne karibu. Siki ya jikoni. Sumaku, hata ile iliyotolewa kwenye spika mbovu. Sahani nyeupe. Na kipimo cha pH, namba inayoonyesha maji yana asidi kiasi gani (7 ni katikati, chini ya hapo ni asidi), ambacho hapa kwetu ni rahisi kukipata kuliko watu wanavyodhani: maduka yanayouza dawa za mabwawa ya kuogelea, ambayo Malindi na Watamu hayakosekani kwa sababu ya mahoteli na majumba ya wageni, huwa nacho. Kipimo cha bwawa husoma kutoka takriban 6.8 hadi 8.2, na kwa kazi yetu kinatosha. Duka hilo hilo ndilo linalouza mchanga wa filta ya bwawa, na nitaurudia mchanga huo zaidi ya mara moja.

Maji yamevurugika

Swali la kwanza ni lini. Yakivurugika saa ile ile ulipojaza, yakawa na rangi ya chai ya maziwa, hilo ni vumbi. Mchanga wa mto unaouzwa kwa ujenzi huja na tope lililoshuka na mto Sabaki, lile lile linaloifanya bahari yetu kuwa ya kahawia wakati wa masika, na tope hilo ni laini kama poda. Filta haliwezi. Dawa ni kuosha kabla ya kutia: jaza nusu ndoo, ingiza mpira wa maji mpaka chini, koroga kwa mkono, mwaga maji machafu, rudia. Usihesabu umerudia mara ngapi, angalia mkono wako. Ukikoroga halafu baada ya kupumua mara tatu unaviona vidole vyako chini ya maji, umemaliza. Mchanga wa filta ya bwawa utafika hapo kwa mara tatu au nne. Wa mto utakutoa jasho.

Unapojaza tangi, laza sahani juu ya mchanga na umimine maji juu ya sahani, taratibu. Filta iwe imezimwa mpaka punje zote zitulie, maana mchanga ukiingia kwenye pampu siku ya kwanza umeshaanza kuila.

Yakikaa safi siku mbili, halafu siku ya tatu au ya nne yakageuka meupe kama maji yaliyooshewa mchele, hilo si vumbi. Ni bakteria wanaozaliana kwa wingi kwa sababu tangi ni jipya na chakula kimezidi. Hapo usiuguse mchanga, wala usimwage maji yote. Punguza chakula, ongeza hewa, subiri. Husafika yenyewe.

Samaki wamefifia, na pH inapanda kila wiki

Kijana mmoja wa Maweni alikuwa na tangi la lita 300, samaki wake ni neon tetra. Alikinga maji ya mvua kwenye paa, kwa kuwa aliambiwa samaki hao wanataka maji laini, yaani yasiyo na chokaa, na aliambiwa kweli. Chini alitandika mchanga mweupe aliochotewa kwenye kiwanja cha rafiki yake upande wa Watamu. Alipokuja kwangu alisema, "Ami, maji nabadilisha kila Ijumaa, sikosi. Mbona wanazidi kupoteza rangi?"

Nilichukua konzi moja ya mchanga huo, nikauosha, nikauacha ukauke kwenye sahani, kisha nikaumwagia kijiko cha siki. Ukachemka. Povu dogo dogo lilipanda ubavuni mwa kila punje, na nilipoinamisha sikio nikausikia ukichakarika kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Kijana aliinamisha lake pia, akanyamaza.

Mchanga mweupe wa upande huo ni matumbawe yaliyosagika, magamba ya kombe, na kazi ya pono, ambaye hutafuna tumbawe na kulitoa nyuma likiwa mchanga. Vyote hivyo ni kalsiamu kaboneti, kile kile kilichomo kwenye lipu ya chokaa iliyokauka ukutani. Maji yenye asidi kidogo huiyeyusha polepole, na inapoyeyuka huongeza ugumu wa maji na kuisukuma pH juu mpaka karibu 8.3, kisha hutulia hapo. Neon tetra wametoka kwenye maji laini ya Amazoni, na wanastawi pH ikiwa kati ya 6 na 7. Kila Ijumaa kijana yule aliwatilia maji laini, na kufikia Alhamisi mchanga umeshayageuza. Kupanda na kushuka huko kila wiki kulikuwa kunawachosha kuliko ile 8 yenyewe.

Hata hivyo usikimbilie kuulaumu mchanga mweupe kwenye kila nyumba. Visima vyetu vingi vimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe, na maji yake yameshashiba chokaa tangu ardhini. Maji yaliyoshiba hayayeyushi nyingine. Mwenye kisima cha namna hiyo, atandike mchanga wa matumbawe au asitandike, pH yake itabaki karibu pale pale, na anachopaswa kuchagua ni samaki. Gapi, moli na samaki wa dhahabu wanaishi vizuri humo. Siklidi wa Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika wataona kama wamerudi kwao: maji ya Tanganyika yanakaribia pH 9. Kwa siklidi hao, na kwa tangi la maji ya bahari, mchanga wa matumbawe ndio tandiko lenyewe hasa.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halitajwi sana, nalo ni maji ya mvua juu ya mchanga usio na chokaa kabisa. Bakteria wanaosafisha kinyesi cha samaki hutoa asidi wanapofanya kazi, na maji yasiyo na kaboneti hayana cha kuizima asidi hiyo. Unapima leo 7, baada ya wiki kadhaa unapima, kipimo kimeshuka mpaka kinagoma kusoma. Hapo tia konzi mbili za mchanga wa matumbawe kwenye mfuko wa kitambaa chepesi, uuweke ndani ya filta. pH itasimama. Ikizidi, unautoa mfuko.

Na hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Kwa tangi kubwa la maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, tandika kitu kisichoyeyuka, yaani mchanga wa silika kama ule wa filta ya bwawa, na chokaa, ikihitajika, iingie kwa mfuko. Mfuko unaweza kuutoa kwa mkono mmoja usiku wa manane. Kilo 70 huwezi.

Jihadhari na vitu viwili vinavyopita bila kushukiwa. Kokoto nyingi zinazouzwa kwetu kwa zege ni mwamba wa matumbawe uliopondwa, hata zikiwa za kijivu au zimepigwa vumbi. Na vipande vya marumaru vya sakafu ya terazo, vinavyopendeza sana vikiwa majini, navyo ni kalsiamu kaboneti, ila vimeshikana sana, kwa hiyo siki hutoa povu kidogo tu. Viponde viwe unga kwanza ndipo uvipime. Ukibaki na shaka, tia kokoto hizo kwenye ndoo ya maji ya mvua, pima pH siku hiyo na upime tena baada ya wiki. Ikiwa imepanda, umepata jibu bila kumuua samaki.

La mwisho kuhusu mchanga wa bahari: Hifadhi ya Bahari ya Malindi na ile ya Watamu zipo tangu 1968, na ndani yake huruhusiwi kuondoa kombe, tumbawe wala mchanga. Hilo halina mjadala. Ukiupata kwingine kwa halali, uoshe mpaka chumvi itoke, uloweke siku mbili huku ukibadilisha maji.

Umesafisha vizuri, na sasa samaki wanahema juu

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu humpata mtu mwenye bidii. Mama mmoja wa Barani alilitoa tandiko lote, akalipeleka uani, akalisuuza kwa maji ya mfereji mpaka likameta, akalianika juani siku mbili. Akalirudisha, akajaza maji mapya, akarudisha samaki wake wa dhahabu. Siku ya tatu wakawa wote juu, midomo nje ya maji, mashavu mekundu. Akaniambia, "Mwanangu, huo mchanga niliuanika mpaka ukakauka kabisa. Uchafu umetoka wapi?"

Nilimwambia, "Mama, uchafu haukurudi. Waliokuwa wakiuondoa ndio hawapo tena."

Samaki hutoa amonia kwa kinyesi chake na kwa mashavu yake, na amonia ni sumu. Juu ya kila punje ya mchanga na ndani ya sponji ya filta huishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia. Hawaonekani, ila ndio utelezi ule unaouhisi ukipitisha kidole juu ya kokoto ya tangi la zamani. Jua huwaua, ukavu huwaua, na klorini ya mfereji huwaua. Kuwarejesha huchukua wiki tatu hadi sita.

Kwetu pwani mambo mawili hulizidisha balaa hilo. Kwanza pH ya maji magumu: kila pH inapopanda kwa 1, sehemu ya amonia iliyo na sumu huongezeka karibu mara 10. Kiasi ambacho samaki angekivumilia kwenye 7 kinamchoma kwenye 8. Pili ni joto. Maji ya nyuzi 30 hushika oksijeni isiyofika miligramu 8 kwa lita, wakati ya nyuzi 20 hushika 9, kwa hiyo samaki aliyeungua mashavu ana hewa kidogo zaidi ya kuvuta.

La kufanya, siku hiyo hiyo: usilishe kwa siku mbili. Badilisha thuluthi moja mpaka nusu ya maji, na urudie kila siku mpaka waache kuhema, kwa maji yaliyokaa kwenye pipa wazi saa 24 ili klorini itoke, au yaliyotiwa dawa ya kuiondoa. Washa pampu ya hewa usiku na mchana. Kisha tafuta mtu mwenye tangi zima la siku nyingi akupe kipande cha sponji ya filta yake, kikiwa kichafu hivyo hivyo, au konzi chache za changarawe yake, ukavitia kwenye filta lako. Sponji hiyo ina thamani kuliko chupa yoyote ya dawa. Mama yule tulimpatia kwa jirani yake mtaa wa pili, na samaki watatu kati ya watano walipona.

Tangu hapo usafi wa tandiko uwe wa vipande. Wiki hii robo ya eneo, wiki ijayo robo nyingine, kwa mpira wa kunyonya, bila kuutoa mchanga. Kwenye changarawe uzamishe mdomo wa mpira. Kwenye mchanga laini uuzungushe juu juu, kama upana wa kidole kutoka usoni, uchafu utapaa wenyewe. Sponji ya filta isuuze ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, usiipeleke mferejini.

Harufu ya yai viza, na mabaka meusi

Mwenye kukulia Lamu au Mida anaijua harufu hii. Ni ile ya matope ya mikoko maji yakishapwa, ukizama mguu na kuuchomoa. Gesi ni ile ile, haidrojeni salfaidi, na sababu ni ile ile: mahali penye uozo ambapo oksijeni haifiki.

Tangini hutokea mchanga ukiwa laini na kina kimepita sentimita 6 au 7. Maji hayapiti katikati ya punje, oksijeni inaisha, na bakteria wa aina nyingine wanaanza kutumia salfeti badala yake. Maji ya visima vyetu vyenye chumvi chumvi huja na salfeti ya kutosha, na joto letu huharakisha uozo, kwa hiyo kina ambacho mfugaji wa nchi za baridi angekaa nacho mwaka mzima, kwetu kinaweza kunuka ndani ya miezi michache. Natandika sentimita 3 hadi 5, sizidishi, isipokuwa pembe yenye mimea.

Lakini si kila weusi ni uozo. Mchanga wa ufuo wa Malindi wenyewe una punje nyeusi nyingi, nzito, zilizoletwa na mto, na watu wamewahi kunipigia simu kwa hofu juu ya mchanga ulio mzima. Kupima ni rahisi. Chota kijiko cha mchanga mweusi kutoka chini, uweke kwenye sahani nyeupe, uuache hewani mpaka jioni. Weusi wa uozo ni chuma kilichoungana na salfaidi, na hewa hukigeuza kuwa kutu: utafifia, uwe kijivu au kahawia. Weusi wa madini haubadiliki hata ukikaa mwaka.

Ukithibitisha kuwa ni uozo, usitie mkono ukakoroga. Gesi yote iliyofungwa itatoka kwa mkupuo na inaweza kuwaua samaki kabla hujafika kuwatoa. Wahamishe samaki kwanza, au, tangi likiwa kubwa na samaki wengi, nyonya mchanga kwa mpira kipande kidogo kidogo, kila siku chache, ukipunguza kina mpaka sentimita 4, huku hewa ikiwaka na maji ukiyabadilisha. Baadaye tia konokono wadogo wenye gamba refu lililochongoka, wale wanaojichimbia mchangani mchana na kutoka usiku. Wanazaliana sana ukilisha kupita kiasi, na wengine huwachukia kwa hilo, lakini kwa mchanga laini sijaona mlimaji bora kuliko wao.

Pampu inakwaruza, na filta limepunguza nguvu

Hapa ndipo sumaku inapofanya kazi. Ifunge kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, ipitishe juu ya mchanga mkavu wa Malindi, uitazame ikitoka. Itaota manyoya meusi, punje zimesimama juu ya punje kama nywele za paka aliyeshtuka. Huo ni mchanga wa chuma. Nzi wa pampu, yaani kile kipande kinachozunguka ndani, ni sumaku pia. Samaki akifukua, punje zikipaa, pampu huzivuta na kuzikumbatia, nazo husaga mhimili wake mchana na usiku. Utasikia mlio kama wa jino linalosagwa, halafu maji yanapungua, halafu kimya. Kifuta kioo cha sumaku nacho hubeba punje hizo na kukwaruza kioo, na mkwaruzo wa kioo hautoki.

Kama unaupenda mchanga huo kwa rangi yake, na ni mzuri kweli hasa ule unaometa wa upande wa Mambrui, utandaze mkavu kwenye karatasi pana na uupitishie sumaku mara nyingi mpaka itoke tupu. Kwa kilo 5 inawezekana. Kwa kilo 70 sishauri. Pampu ambayo imeshaanza kulia ifungue leo, ufute nzi kwa kitambaa, uinue mdomo wake wa kunyonya angalau sentimita 10 juu ya mchanga, uuvishe sponji.

Samaki wa dhahabu amekwamwa, kambare hana masharubu

Samaki wa dhahabu hula kwa kuchota tandiko mdomoni na kulitema. Punje ya milimita 5 hadi 8 ndiyo hatari kwake: inaingia, kutoka inakataa. Ukimwona anatembea mdomo wazi, hali chakula, mshike kwa kitambaa kilicholowa, umwinamishe kichwa chini, ubonyeze taratibu chini ya koo. Mara nyingi jiwe hutoka. Kwa samaki hawa chagua mchanga unaopita mdomoni bila shida, au mawe makubwa kuliko mdomo wenyewe, katikati pasiwe na kitu.

Kambare wadogo wa aina ya Corydoras huchimba kwa masharubu. Masharubu yakifupika yakabaki vishina, watu husema ni kokoto kali, na ni kweli kwamba vioo vilivyovunjwa na kokoto za zege huwakata. Ila nusu ya matukio niliyoyaona yalikuwa uchafu uliooza juu ya tandiko, unaochoma masharubu na kuyatia bakteria. Safisha kwanza, kisha ubadilishe.

Tilapia na siklidi wakubwa wao watafukua mpaka waone kioo, hilo ni tabia, halina dawa. Linalotibika ni mawe. Mawe makubwa yalazwe juu ya kioo cha chini, kwenye kipande cha plastiki au sponji nyembamba, ndipo mchanga umiminwe kuyazunguka. Ukiyakalisha juu ya mchanga, samaki atachimba chini yake, jiwe litaanguka, na kioo cha tangi la lita 500 kikipasuka usiku umepoteza samaki na zulia.

Uchafu hauishi hata ukinyonya kila siku

Kokoto ni kubwa mno. Chakula huzama kwenye mianya mahali ambapo samaki hafiki, kikaoza. Changarawe ya milimita 2 hadi 4 hukishika juu ukakiona. Kama filta lako ni lile la sahani inayolala chini ya tandiko, changarawe ya milimita 3 hadi 5 ndiyo yake; mchanga laini utaliziba.

Wenye samaki wakubwa wanaochafua sana, au wanaolea vifaranga, nawaambia bila kusita: acheni chini wazi. Bibi yangu, mtaa wa Langoni kule Lamu, birika ya chooni kwake, yaani hodhi la maji, ilikuwa na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, kama zilivyokuwa birika nyingi za nyumba za kale. Chini palipigwa lipu laini ya chokaa, na katikati pamezamishwa bakuli la kaure. Birika ikikaukiwa au ikisuguliwa, visamaki hukimbilia kwenye maji yaliyobaki bakulini. Hapakuwa na mchanga wala kokoto, na uchafu ulionekana wote ukafagiliwa kwa kifuu cha nazi. Samaki wenye haya hufifia rangi juu ya kioo kitupu kinachoakisi mwanga. Kipake rangi kwa nje, upande wa chini, kabla tangi halijakaa mezani.

Mimea ya majini haikui, majani ya manjano

Silika haina chakula cha mmea. Tandaza udongo mwekundu sentimita 2 chini, uliochekechwa na usiotiwa mbolea, ufunike kwa sentimita 3 za mchanga, na usiufukue tena. Na siklidi usiwaweke humo.

Utando wa kahawia juu ya mchanga wa tangi jipya utaisha wenyewe baada ya wiki chache. Utando wa kijani kibichi unaobanduka kama ngozi na kunuka ni kitu kingine: unyonye, punguza chakula, elekeza mkondo wa pampu mahali hapo.

Sakafu inanesa

Piga hesabu kabla ya kununua. Urefu mara upana mara kina cha mchanga, vyote kwa sentimita, ugawe kwa 1,000, upate lita. Zidisha kwa 1.6 upate kilo. Tangi la sentimita 150 kwa 60, mchanga sentimita 5: lita 45, kilo 72. Ongeza maji na kioo cha milimita 12, tangi lenye kimo cha sentimita 60 linafika karibu kilo 650 kabla hujahesabu meza, na zote zimekaa kwenye eneo lisilofika mita mraba moja.

Nimewahi kuitwa Lamu kwenye nyumba ya kale, tangi liko ghorofani, maji yameinama upande mmoja. Sakafu za nyumba hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti haizidi urefu wake. Tangi lilikuwa katikati ya chumba, limelala sambamba na boriti, kwa hiyo mzigo wote ulibebwa na boriti mbili. Tulinyonya maji, tukatoa mchanga kwa makarai, tukalishusha chini. Asiyeweza kulishusha alisogeze ukutani ambako ncha za boriti zinaingia, alilaze kukatiza boriti nyingi, na achague chini wazi au mchanga wa sentimita 2.

Ukilazimika kubadilisha tandiko lote

Usilitoe kwa siku moja. Osha lile jipya na uliache tayari. Nyonya theluthi ya la zamani, tandika jipya mahali pake, subiri wiki mbili huku filta hujaligusa kabisa. Kisha theluthi ya pili, wiki mbili tena, kisha ya mwisho. Konzi chache za mchanga wa zamani, kama haukuwa wa kunuka, zifunge kwenye soksi safi na uziache juu ya mchanga mpya kwa mwezi mmoja. Lisha kidogo siku zote hizo, na asubuhi kabla ya kuwasha taa tazama kama kuna samaki aliyekaa juu ya maji. Akiwepo, badilisha robo ya maji na usiitoe theluthi inayofuata mpaka ashuke.